KUMFUNZA MTOTO KUPIGA BUNDUKI, NA AMANA ILIYOMO NDANI YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu asiyoyajua. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: liko swali ambalo mababa wengi hulijibu kwa vitendo kabla ya kulifikiri. Mtoto wa kiume afikapo miaka 10 au 12 humwona babake akiitwaa bunduki kwenda kulinda shamba, nguruwe na kima wasiumalize muhogo. Naye huomba aishike. Baba mmoja hufurahi, akaona katika ombi lile dalili ya uume, akampa papo hapo. Baba mwengine humkemea, akairudisha bunduki nyuma ya mlango, akadhani mambo yamekwisha. Na mtoto akaingoja siku ambayo babake hayupo. Ni yupi katika hawa wawili aliyefanya sawa? Au hapana hata mmoja? Na je, kumfunza mtoto silaha ni kumpa nguvu, ama ni kumtwika mzigo usiokuwa wake?

ASILI YA JAMBO HILI KATIKA DINI

Hapana awezaye kusema yakuwa dini ya Kiislamu yachukia kulenga shabaha. Mwenyezi Mungu katika Suratul Anfal, aya ya 60, amewaamrisha waumini wajiweke tayari kwa nguvu waziwezazo, na Mtume (s.a.w.), katika Hadithi aliyoipokea Muslim kwa Uqba bin Amir, aliifasiri nguvu hiyo juu ya mimbari yakuwa ni kupiga mishale, akalikariri neno hilo mara tatu. Tena amepokea Bukhari yakuwa Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga, akawahimiza, na akawakumbusha yakuwa mzee wao Nabii Ismail (a.s.) alikuwa mpiga mishale. Aliposema kuwa yeye yu pamoja na kundi moja, kundi la pili likazuia mikono. Alipowauliza sababu, walijibu kuwa hawawezi kushindana na kundi alilomo yeye. Ndipo alipowaambia wapige, naye yu pamoja nao wote. Tena imo katika Muslim Hadithi inayomlaumu mtu aliyejifunza kulenga kisha akaacha.

Kadhalika yapokewa kwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) yakuwa aliagiza watoto wafunzwe kuogelea, na kulenga, na kupanda farasi. Wako wanaoipandisha khabari hii mpaka kwa Mtume mwenyewe, lakini wajuzi wa Hadithi wameona mapokezi hayo ni dhaifu. Hata hivyo maana yake haikupingwa na mtu.

Basi asili ya jambo ni njema. Walakini si kila lililo jema katika asili yake huwa jema katika kila mkono na katika kila wakati. Sala ni nguzo ya dini, na bado zipo saa ambazo ndani yake hukatazwa.

UTA NA BUNDUKI SI KITU KIMOJA

Wako wasemao: Yaliyosemwa juu ya uta ndiyo hayo hayo ya bunduki, kwani vyote ni vyombo vya kulengea. Hata jina lenyewe lathibitisha; neno bunduki latokana na neno la Kiarabu bunduq, ambalo lilikuwa jina la kokwa, kisha likawa jina la tembe za udongo zilizorushwa kwa uta, zamani kabla ya baruti kujulikana katika nchi za Kiarabu.

Huambiwa: Katika faida yake, ndiyo, vyalingana. Katika khatari yake kwa mtoto, havilingani hata kidogo, na sababu ni hii. Uta hauvutiki ila kwa kadiri ya mkono unaouvuta. Mtoto wa miaka 7 akishika uta wa mtu mzima hawezi kuupinda; mshale wake huanguka miguuni pake. Hupita miaka mkono wake ukiongezeka nguvu, na katika miaka hiyo hiyo akili yake huongezeka pia. Siku atakayoweza kumuua mtu kwa uta huo, amekwisha kuwa kijana aliyejifunza kusubiri, na kukosa, na kutii. Basi uta wenyewe ulikuwa mwalimu, nao ulimnyima mtoto nguvu mpaka wakati wake ufike.

Bunduki haina ulezi huo. Nguvu yake haitoki katika mkono wa mpigaji, bali imo ndani ya risasi, tayari, imetengenezwa na watu asiowajua. Kidole cha mtoto wa miaka 5 chatosha kufanya lile ambalo katika zama za uta halikufanywa ila na mwanamume kamili. Gobori la zamani lilisalia na sehemu ya mafunzo yale: lilishindiliwa kwa mdeki, baruti kwanza, kisha kizibo, kisha risasi, na likiisha kulia sharti ifanywe kazi hiyo upya; aliyelishika alikuwa na nafasi ya kufikiri. Bunduki za leo haziwi na nafasi hiyo. Na risasi ndogo kabisa, ile ya namba 22 inayopewa wanaoanza kujifunza, yaweza kwenda zaidi ya maili 1. Mtoto huona mti anaoulenga. Nyumba iliyo nyuma ya mti haioni.

Matokeo yake yameonekana. Katika vita vya Kongo vya mwaka 1996 na 1997, jeshi lililokwenda mpaka Kinshasa lilikuwa na watoto wengi wenye silaha, nao waliitwa kwa neno la Kiswahili, kadogo. Lau silaha zao zingalikuwa za kuvutwa kwa nguvu za mkono, hapana jemadari angalizipa watoto. Walitakiwa kwa sababu bunduki haiulizi umri. Na mtoto mwenye nguvu za kuua na asiye na akili ya kukataa amri ni chombo kizuri cha kila dhalimu.

Basi lile ambalo uta ulilifanya wenyewe, katika bunduki sharti alifanye baba. Yeye ndiye awe ule ugumu wa uta. Akiacha kufanya hivyo, hakumfunza mwanawe alichofunzwa Nabii Ismail, bali amempa kitu kingine kabisa.

HUKUMU YA MALI, NA HUKUMU YA SILAHA

Akitaka mtu kujua lini mtoto apewe kitu kizito, na atazame Suratun Nisaa, aya ya 5 na ya 6. Mwenyezi Mungu amekataza mali isitiwe mikononi mwa wasio na akili timamu. Na juu ya mayatima ameamrisha wajaribiwe mpaka wafike umri wa kuoa, kisha wakionekana kuwa na uwongofu wa akili, ndipo wapewe mali zao. Haya ni katika mali, ambayo ikipotea huenda ikapatikana nyingine. Seuze silaha, ambayo ikipoteza roho hairudi.

Ndani ya aya hii mna mambo mawili ya kushika.

La kwanza, kubaleghe peke yake hakutoshi. Ni kweli yakuwa miaka 15 imewekwa kuwa mpaka. Ibn Umar (r.a.) alijitoa kwenda vitani siku ya Uhud naye ana miaka 14, Mtume (s.a.w.) asimkubalie, akajitoa tena siku ya Khandaq naye ana miaka 15, akamkubalia. Khabari hii ilipomfikia Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliifanya kuwa mpaka baina ya mdogo na mkubwa. Lakini aya haikusema wapewe wakifika umri, ikanyamaza. Imeongeza sharti la akili iliyoongoka. Kuna kijana wa miaka 15 aliye mtulivu, na kuna mwenziwe wa miaka 20 ambaye hasira humpeleka popote itakapo.

Mfano wa hayo ulitokea Marekani, katika jimbo la Michigan, mwezi wa Novemba 2021. Baba alimnunulia mwanawe wa miaka 15 bastola. Baada ya siku 4, asubuhi, waalimu waliona mchoro wa bunduki alioufanya kijana yule, pamoja na maneno ya kukata tamaa, wakawaita wazee wake. Wazee walikuja, wakauona, wala hawakumchukua nyumbani, wala hawakusema yakuwa wamemnunulia silaha. Siku ile ile kijana aliwaua wanafunzi wenzake 4. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja kwa kesi yake, walipatikana na hatia ya vifo vile, wakahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Umri ulikuwepo, lililokosekana ni jicho la mzee kutazama ndani ya moyo wa mwanawe.

La pili, kujaribu huja kabla ya kukabidhi. Wanavyuoni wa Kishafii wameeleza vipi mtoto hujaribiwa katika biashara: huachwa apatane bei sokoni, aongeze na apunguze, hata ikifika kufunga mkataba, mlezi wake ndiye aufungaye. Hivi ndivyo hasa ifaavyo katika bunduki. Mtoto ajifunze kuishika, kuifungua, kuisafisha, kulenga, na kujua kipigwacho na kisichopigwa. Lakini risasi na zikae mkononi mwa baba, moja moja, hata siku baba atakapoona kwa macho yake yakuwa mwanawe ameongoka. Mtoto hupata mafunzo kamili, na mwisho wa jambo hubaki kwa aliye na akili kamili.

JAWABU LA WENYE KUPINGA

Akisema mtu: Wahenga wamesema, mtoto akililia wembe, mpe, umkate ajue.

Huambiwa: Wembe hukata kidole cha yule aliyeushika, na kidole hupona, na somo hubaki. Bunduki hukata pengine mtu ambaye hakulia wala hakuomba, nalo jeraha lake haliponi. Mwaka 2013, katika jimbo la Kentucky, mtoto wa miaka 5 alikuwa amepewa zawadi bunduki ndogo, iliyotengenezwa kwa vipimo vya watoto. Ilikuwa ikiwekwa pembeni mwa chumba, na watu wa nyumba walidhani haina risasi. Mamake alitoka nje kwa muda mchache. Mtoto akaishika, akamuua nduguye wa kike wa miaka 2. Hapo nani aliyefunzwa na wembe? Nduguye hayupo, na yeye mwenyewe atakua akilibeba jambo ambalo kalamu haikuliandika juu yake, kwani mtoto haandikiwi dhambi mpaka abaleghe. Na katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2020, silaha za moto zilipita magari kwa kuua watoto na vijana wa mwaka 1 hata 19, zikawa sababu ya kwanza ya vifo vyao.

Akisema: Basi na afichwe mtoto bunduki kabisa, asiione wala asiijue.

Huambiwa: Kama nyumbani hamna silaha, na baba hana haja nayo, hilo ni salama yake, wala halimpunguzii mtoto kitu katika dini yake, kuogelea kupo, na shabaha zipo za namna nyingi. Lakini kama silaha imo ndani ya nyumba, kuificha peke yake hakutoshi. Watoto hujua kila kilichofichwa. Mtoto aliyekatazwa kwa makemeo huchukua kitu hicho kuwa ni siri tamu; na mtoto aliyeoneshwa, akaambiwa sababu, akaona risasi moja ikipasua dafu kwa mbali, huchukua kuwa ni kitu cha kuogopewa. Basi zote mbili zatakiwa: kufuli, na mafunzo.

Akisema: Mtoto asiyejua bunduki atakuwa mwoga, na uanaume wa watu wa pwani utapotea.

Huambiwa: Mtume (s.a.w.) amekwisha kueleza, katika Hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, yakuwa mwenye nguvu si yule awaangushaye watu kwa mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa hasira. Bunduki haimpi mtu uanaume asiokuwa nao. Humpa mwoga sauti kubwa, basi. Na pwani hii imeona pia bunduki zilizopita bandarini kwenda bara kukamata watu na kutafuta pembe, hata mwaka 1890 mataifa yakapatana Brussels kuizuia biashara ya watumwa, na pamoja nayo kuingizwa kwa silaha. Waliozibeba hawakupungukiwa na ushujaa. Walipungukiwa na mtu wa kuwaambia kuwa roho ya mwanadamu ni haramu.

MAFUNZO YA KWANZA NI KUZUIA MKONO

Aliyekata shauri kumfunza mwanawe, kwa kibali cha serikali na kwa haja ya kweli, na ajue yakuwa somo la kwanza si kupiga; somo la kwanza ni kutopiga. Na adabu zote ambazo walimu wa silaha huzifunza leo zimetangulia katika Sunna.

Kwanza, mtutu usielekezwe kwa mtu, hata kwa mzaha, hata ikiwa bunduki ni tupu. Katika Muslim imo Hadithi yakuwa malaika humlaani amwelekezeaye nduguye chuma, ingawa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Na katika Bukhari na Muslim imeelezwa sababu: mtu hajui, huenda Shetani akauvuta mkono wake, akaanguka katika moto. Baba amwonapo mwanawe akimlenga nduguye kwa bunduki ya mti, asicheke. Hapo ndipo mafunzo yaanzapo.

Pili, kila bunduki ihesabiwe kuwa imo risasi, mpaka ifunguliwe na ionekane, na anayempa mwenziwe ampe hali imefunguliwa. Mtume (s.a.w.) alikataza upanga kupokezanwa nao uko nje ya ala.

Tatu, kidole kisiguse mtambo wa kufyatulia mpaka shabaha iwe mbele ya macho na nia imekatika.

Nne, ajue kilicho nyuma ya shabaha, na asipige palipo watu. Apitaye msikitini au sokoni na mishale ameamrishwa aishike ncha zake, asije akamdhuru Muislamu. Basi vipi baba humpa mwanawe bunduki aipige juu katika harusi au siku ya Idi, hali wanawake na watoto wamejaa uani? Risasi iliyokwenda juu itarudi chini, nayo haichagui pa kuangukia.

Tano, asifanye kiumbe mwenye roho kuwa mchezo. Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wanamlenga, na kila mshale uliokosa huwa ni wa mwenye ndege. Walipomwona walikimbia, naye akasema yakuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani afanyaye chenye roho kuwa shabaha. Khasa hili lawahusu watoto wa manati, ambayo ndiyo bunduki yao ya kwanza. Mtume (s.a.w.) alikataza hata kurusha vijiwe kwa vidole, kwa kuwa havimuui mnyama wala havimuumizi adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Abdullah bin Mughaffal (r.a.), alipomwona jamaa yake akiendelea na mchezo huo baada ya kuambiwa Hadithi, aliapa kutosema naye. Na ndege aliyekufa kwa kishindo cha kijiwe ni mzoga. Katika risasi, wanavyuoni wamekhitalifu. Basi mtoto azoezwe kumwahi mnyama yungali hai, amchinje kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Sita, kazi ikiisha, bunduki na ifungiwe kwa kufuli, na risasi zake kwa kufuli nyingine, na funguo zikae kwa baba. Nyuma ya mlango si pahala pa silaha.

Mtoto aliyezishika adabu hizi miezi mingi bila ya kupiga hata risasi moja, na asinung'unike, huyo ndiye wa kupewa risasi moja. Na aliyenung'unika, na angoje.

KHATIMA

Wanavyuoni wamesema yakuwa mtoto akiua hapana kisasi juu yake. Walakini damu ya aliyeuawa haiendi bure, na dia yake hubaki. Hiyo ndiyo hukumu ya dunia. Ama huko akhera, kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na baba ni mchunga wa nyumba yake. Mtoto atasema: Sikuwa na akili. Hataulizwa zaidi. Atakayebaki kuulizwa ni yule aliyekuwa na akili, na ufunguo, na siku nyingi za kumfunza, akayaacha yote mpaka bunduki ikalia.

Basi yule baba aliyempa mwanawe papo hapo alimpa nguvu bila ya ulezi. Na yule aliyemkemea akaiweka bunduki nyuma ya mlango alimnyima ulezi, na nguvu akamwachia. Wote wawili wamekosa kitu kimoja. Aliye sawa ni baba amwambiaye mwanawe: Njoo ukae hapa, nikuoneshe. Leo hupigi. Kisha akakaa naye, kesho na kesho kutwa, hata mtoto afahamu yakuwa babake humnyima risasi kwa mapenzi yale yale yaliyomfanya amfunze.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu watoto wenye nguvu na wenye huruma, na azilinde nyumba zao na msiba unaotoka ndani yake. Amin.